Bati la Wote

Vijana, juzi mlinialika kwenye mkutano wenu wa kutafuta mawazo ya kuutengeneza mji wetu wa Kasongo. Nilikuja, nikakaa kiti cha nyuma kabisa, nikala karanga zenu, nikaondoka bila kusema neno. Nimesikia mmoja wenu amesema fundi siku hizi anaringa. Siringi. Kila wazo mlilolitaja, la miti kando ya barabara, la shimo moja la taka kwa kila kartie, yaani kila mtaa, la matangi ya mvua, nililishuku, na mtu anayeshuku mbele ya watu wenye furaha huonekana mchawi. Nikaona afadhali niende nyumbani niandike.

Mimi nilikuwa fundi wa mabati. Si mzee wa kupishwa kiti. Umri wangu bado unaniruhusu kubishana. Ni magoti yaliyostaafu, nami nikalazimika kuyafuata, maana paa halipandwi na mtu ambaye goti lake hujiamulia lenyewe lini likunje. Kwa miaka mingi nilitengeneza mifereji ya kukingia maji ya mvua, hapa Kasongo, Lusangi, mpaka Kabambare, nikiwa nyuma ya pikipiki nimekumbatia bati, dereva akinikataza hata kukohoa tukiingia kwenye matope. Shule niliiacha mapema. Mengi niliyajua baadaye kwa kusoma mwenyewe, katika vitabu vilivyopungukiwa kurasa, na yaliyobaki alinifundisha Fundi Amuri, ambaye hakuamini kitu chochote kabla hajakimwagia maji.

Ukimwambia mfereji umeinama vizuri, alichukua kikombe cha maji, akayamwaga upande wa juu, akayanyunyizia majivu, kisha akayafuata majivu kwa macho. Yaliposimama, hapo mfereji ulikuwa umebonyea, hata kama mimi niliapa umenyooka.

"Macho yako ni ndugu yako, itakufichia," aliniambia. "Majivu haikujui."

Siku hizi mafundi wana tiyo, yaani paipu, za plastiki na chupa ya kupimia usawa, nami sizikatai. Lakini bado nawaambia: mwagieni maji. Na msumari upigwe kwenye mgongo wa bati, kamwe si bondeni, maana bondeni ndiko maji yanakopita. Chini ya msumari tieni kipande cha kandambili kuukuu. Vipande viwili vya mfereji vikikutana, cha juu kilale ndani ya cha chini, la sivyo maji yatatafuta ukuta wa mwenye nyumba, na mwenye nyumba atakutafuta wewe. Jambo la mwisho ni mvua ya kwanza. Baada ya jua la siku nyingi, mvua ya kwanza hubeba vumbi na mavi ya ndege, kwa hiyo huachwa itoke kwa tiyo ya pembeni, itupwe. Inayofuata ndiyo ya tangi. Hilo la mvua ya kwanza nililieleza kwa watu wengi kwa majivuno, na mtaona lilinipeleka wapi.

Nianze na miti yenu.

Nilipata kwenda Kabambare kutia mifereji kwenye shule moja. Wiki hiyo watu walikuwa na wazo la kupanda miti kwenye barabara ya kwenda sokoni, ili vumbi lipungue na wenye mizigo wapate kivuli. Jumamosi, siku ya salongo, ile kazi ya pamoja, kila mtu alitoka na jembe. Walichimba, walipanda, waliimba, na mimi mwenyewe nilishika miche. Asubuhi yake, nusu ya miche ilikuwa imelala chini, mizizi juu, kila mmoja kando ya shimo lake. Wakubwa wakasema ni mbuzi. Nilikwenda kutazama. Mbuzi hula majani. Sijaona mbuzi anayeng'oa mti, akaulaza taratibu, akauacha na majani yake yote.

Nilikuwa nalala kwa mzee mmoja, mkulima, jina lake Kalonda. Jioni nilimwuliza kama alimwona huyo mbuzi.

"Mbuzi ni miye," alisema, akiendelea kumenya muhindi wake.

"Kwa nini, papa? Muti ulikuwa mbele ya mulango wako, kivuli ingekuwa yako."

"Muti nilipanda miye?"

"Hapana. Ulipandwa na kijana wa upande wa soko."

"Basi. Kesho nikikufa, mutoto wa ule kijana atakuja kusema, huu muti ni wa baba, na kiwanja chini yake ni cha baba. Huku kwetu mutu akipanda muti, anasema hapa ni pangu. Hana haja ya kufungua kinywa."

"Lakini walisema ni muti ya wote."

Mzee Kalonda aliacha kumenya. "Wote ni nani? Nionyeshe nyumba yake, nimwendee nimuulize."

Sikuwa na nyumba ya kumwonyesha. Baadaye walirudia, na safari hiyo kila mwenye mlango alipanda mbele ya mlango wake kwa mkono wake. Niliporudi kukarabati mfereji wa ile shule, miti hiyo ilikuwa imenipita kimo, na ule wa Mzee Kalonda alikuwa ameuzungushia miiba kana kwamba ni ng'ombe wa mahari. Kwa hiyo mnapopanga miti yenu, kabla ya kuuliza ni miti ya aina gani, ulizeni mkono wa nani utaishika.

Swali la yule mzee nilirudi nalo Kasongo, nikaliweka kama mtu anavyoweka skrubu asiyoijua kazi yake. Kisha likaja jambo la tangi, ambalo nusura limfukuzishe mwanamke mmoja nyumbani kwake.

Hangari ya mikutano ya kartie yetu mnaijua. Imechimbiwa kwenye mteremko, na paa lake ni la upande mmoja, linashuka kutoka nyuma kuja mbele. Mbele, ukingo wa bati uko juu ya kichwa cha mtu, na hapo ndipo nilipofunga mfereji. Nyuma, ardhi imepanda, mpaka ukingo wa bati unamfikia mtu kifuani. Shikeni hilo la nyuma. Mimi sikulishika, kwa sababu kazi yangu ilikuwa mbele.

Wazo lilitoka kwa wanawake wenyewe. Walisema maji ya bondeni yako mbali na foleni yake ni vita, na huku mvua inapiga bati la hangari, inaanguka chini, inazidi kulichimba korongo linalokula barabara. Tukiyakinga, tutapata maji na barabara itapona. Ni wazo ambalo hata mimi nililishuku kidogo tu. Tulifanya salongo, mawe yakaja kichwani, mchanga ukaja kwa baiskeli, tangi likajengwa, nikafunga mfereji na tiyo, na siku ya kufungua robine, lile bomba la kuchotea, nikawaeleza watu wote habari ya mvua ya kwanza.

Ikabaki kadena. Robine ilihitaji kufuli ili watoto wasichezee maji, na kufuli lina ufunguo, na ufunguo una mtu. Familia za Waislamu wa mji hazikutaka ufunguo upelekwe juu kwa watu wa karibu na kanisa. Watu wa karibu na kanisa hawakutaka ushuke kwa watu wa mji. Hakuna aliyelisema hivyo. Kila upande ulisema, "Tuchunguze kwanza." Tulichunguza mpaka tangi likajaa na kumwagika.

Mwishowe wakamkubali Mama Feza. Alikuwa mjane kutoka Lusangi, anauza karanga za kuchemsha, na alikaa na watoto wake katika chumba cha kupanga kilichopakana na hangari. Hakuwa na shangazi huku wala mjomba kule. Wakasema, huyu si wa mtu, hatapendelea. Alitia ufunguo kwenye uzi, akauvaa shingoni, na kila asubuhi alifungua, akasimamia watu wakijaza bidoni zao za maji, akafunga.

Mambo yalikwenda vizuri kwa muda. Kisha likaja jua katikati ya masika, siku nyingi bila mvua, halafu mvua, halafu jua tena. Asubuhi moja nilikuwa napita, nikakuta watu wamesimama mbele ya robine na hakuna anayekinga. Mbele yao alikuwa Mama Salima, muuza unga wa muhogo sokoni, mwenye sauti ambayo haihitaji kupandishwa.

"Mama Feza, leo maji yako inanuka nini?"

"Si maji yangu, mama. Ni ya wote."

"Na kadena, ufunguo yake iko kwa shingo ya nani?"

"Mutoto wangu ameharisha tangu jana," alisema mwanamke mwingine. Wa tatu akasema na wake pia analia tumbo.

Kwetu mnajua, mtu akikupa kinywaji, yeye huonja kwanza mbele yako, ndipo moyo wako utulie. Mama Feza alichukua kikombe, akakijaza, akanywa mpaka chini, akakigeuza waone.

"Oneni anavyokunywa bila woga," alisema Mama Salima. "Mutu asiyekuwa na dawa ya kujikinga angeogopa."

"Ningekataa kunywa, je?"

"Tungejua pia."

Watu waliitikia kwa vichwa, nami nikaona kwamba mlango umefungwa kwa ndani na kwa nje. Hakuna kitu ambacho mwanamke yule angefanya kikamsafisha. Alichaguliwa kwa sababu hakuwa wa mtu, na sasa alishukiwa kwa sababu hakuwa wa mtu.

Shefu wa kartie alikuja, akasikiliza, akachukua ufunguo. Alikuwa mtu mpole wa maneno. Alisema Mama Feza afadhali arudi Lusangi "kupumzika" kidogo, mpaka mioyo itulie, na aende kabla ya siku ya soko kubwa. Sote tulijua maana yake. Mwenye nyumba wake alikuwa amekwisha kupita mara mbili kuutazama mlango wa kile chumba, kama mtu anayewaza atampangisha nani.

Alasiri Mama Feza alikuja kwangu. Hakulia wala hakuketi.

"Fundi, kabla ya mukono yangu, mukono yako ndiyo iliingia kwa ile tangi."

"Unanishuku?"

"Nakushuku."

"Vizuri," nikamwambia. "Hata mimi najishuku. Twende."

Fundi Amuri alinifundisha kwamba maji yakiharibika usianzie juu, kwa kuwa huko kila kitu kitaonekana kibaya. Anza na kikombe, uyafuate kinyume, na usipite mahali mpaka umepanusa. Tulianza na bidoni ya Mama Feza, ambayo hata yeye mwenyewe alikuwa na haki ya kuishuku. Safi. Robine, safi. Tulifungua mdomo wa tangi. Harufu ilikuwapo, lakini ilikuja na maji, haikukaa ukutani. Tiyo niliifungua kwa hofu, maana viungio vyake niliviziba mimi. Ilikuwa sawa. Tukafika kwenye chujio, kile kikapu kidogo cha waya nilichotia mdomoni mwa mfereji kuzuia majani. Chini yake kulikuwa na matope meupe, laini, kama chokaa iliyoloa.

Niliyanusa. Yalikuwa makali, yamechacha. Nilianza kufikiria dawa, rangi, saruji mbovu. Mama Feza alichovya kidole, akanusa, akanitazama kwa huruma.

"Fundi, kwako nani anapika?"

"Bibi yangu."

"Inaonekana. Hii ni mihogo."

Tulizunguka nyuma.

Bati lote la juu lilikuwa jeupe. Mihogo iliyotoka kulowekwa ilikuwa imeanikwa pale, kipande kwa kipande, na imegawanywa kama viwanja vya mji: hapa mpaka ni kijiti, hapa jiwe, hapa kipande cha chungu. Mihogo mibichi ya kulowekwa, mnajua, huchuruzika. Maji yake yalikuwa yameteremka kwenye mabonde ya bati, mistari myeupe, yakakaukia njiani kuelekea kwenye mfereji wangu, yakingoja mvua. Hata mimi, kama ningekuwa na mihogo, ningeipeleka pale. Bati safi, lenye joto, lisilofikiwa na kuku, na halina mwenye kukufukuza.

Nilitaka kwenda kupiga kelele. Mama Feza alinishika mkono.

"Ukiita sasa, kila mutu atasema si yake. Watasema ni miye nilianika, nipate kusingizia watu."

Alisema kweli. Nilimwuliza tufanye nini. Alitazama upande wa mto Lualaba, ambako mawingu yalikuwa yameanza kusimama, akasema nimwite shefu, lakini niende polepole.

Nilikwenda polepole, jambo ambalo magoti yangu yalilipenda. Shefu alikuja, na watu wakamfuata wakidhani ndiyo hukumu ya mwisho. Alisimama nyuma ya hangari, akatazama bati, akatazama umati.

"Hii mihogo ni ya nani?"

Mama Salima alikuwa anatazama viatu vyake kana kwamba amevinunua siku hiyo.

"Nauliza tena. Ni ya nani?"

"Labda ya watu wa kartie ya chini," alisema mtu.

Mawingu yalikuwa yamefika juu yetu. Shefu, ambaye nilikuwa namdharau kidogo kwa upole wake, alifikiri, kisha akasema taratibu, "Sawa. Mali isiyo na mwenyewe ni mali yangu, na miye nampa Mama Feza. Atasafiri nayo Lusangi. Mama Feza, lete mufuko."

Tone la kwanza likapiga bati. Mnajua sauti ile. Hakuna mwanamke wa huku kwetu Maniema aliyeanika mihogo akaisikia sauti ile akabaki amesimama. Walikimbia wote kwa mara moja, wakavua vitenge vya mabegani, wakaanua, na hakuna hata mmoja aliyekosea mpaka. Kiwanja kikubwa kuliko vyote, cha katikati, kilikuwa na mawe manne kwenye pembe zake.

"Usiguse ile!" alipiga kelele Mama Salima kwa jirani yake. "Ile ni yangu mpaka kwa jiwe!"

Kisha akasikia alichokisema. Mvua ikashuka.

Tulijibanza chini ya hangari, kila mtu na furushi lake kifuani, tukisikiliza maji meupe yakiingia kwenye tangi letu. Hakuna aliyecheka. Mama Salima ndiye aliyenigeukia mimi.

"Weye fundi ndiye ulisema mvua ya kwanza inatupwa. Tukaona, basi inaosha bati, inatupwa, iko muzuri. Na miye nilitia kidogo tu, nikaona wenzangu pia wanatia kidogo."

Nilimjibu kwamba mvua ya kwanza hutupwa baada ya jua, si kila siku baada ya muhogo, na kwamba tiyo ya pembeni haikujengwa kubeba soko zima. Lakini maneno yake nimeyahifadhi. Sikuwa nimesema uongo. Nilikuwa nimesema jambo zuri mbele ya watu wenye mihogo, bila kuuliza wataanika wapi. Kama maji yale ndiyo yaliyowaumiza watoto matumbo, sijui, mimi si mganga. Najua tuliliosha tangi, paa likabaki tupu, harufu ikaisha, na habari ya matumbo haikusikika tena.

Shefu alimrudishia Mama Feza ufunguo pale pale, mbele ya watu. Alikataa kuupokea.

"Miye narudi Lusangi," alisema. "Niko na shamba ya kulima huko. Huku mumenishuku nikinywa, mutanishuku nikikohoa."

Hapo ndipo nilipoona "wote" wa Mzee Kalonda kweli hana nyumba, maana kila mtu alikuwa anangoja mwenzake amwombe abaki. Mama Feza aliwaacha wangoje. Kisha akasema atabaki kwa sharti moja: ufunguo wa robine ukae kwake, na ufagio wa bati ukae kwa Mama Salima. Bati likiwa chafu, aulizwe Mama Salima. Maji yakinuka, waulizwe wote wawili, pamoja, siku moja.

"Kwa nini miye?" aliuliza Mama Salima.

"Kwa sababu mipaka yote ya ile bati unaijua."

Ndipo watu wakacheka. Wenye mihogo walipewa uwanja wa mawe nyuma ya soko, na salongo iliyofuata ilikuwa ya kuusafisha.

Mama Feza hakuondoka. Lakini kwa muda mrefu, kila asubuhi, hakuna aliyekinga bidoni kabla yeye hajajaza kikombe na kunywa. Walisimama, wakamtazama koo. Alikunywa, akakigeuza, akafungua kwa watu. Hakulalamika na hakuwasamehe.

Halafu siku moja nilikuwa pale nikikaza robine. Mama Feza alijaza kikombe kama kawaida. Mama Salima, ambaye hakuwa wa kwanza kwenye foleni, alipita mbele ya watu, akakichukua kikombe mkononi mwake, akanywa yeye, mpaka chini, akakigeuza waone. Kisha akarudi nyuma kwenye nafasi yake.

Watu walinong'ona kwamba sasa wamepatana. Mimi nilishuku. Nikajiambia, mwanamke huyu hanywi bure, bila shaka kuna kitu ameanika. Niliacha spana pale pale, nikazunguka nyuma ya hangari na magoti yangu. Bati lilikuwa tupu, limefagiwa mpaka kwenye misumari, na ufagio ulikuwa umeegemezwa ukingoni, bado una umande.

Nikarudi mbele. Foleni ilikuwa imekwisha, na Mama Feza alikuwa anafunga kadena.

"Umeenda kuangalia," alisema.

"Nimeenda."

"Miye niliangalia kabla yako. Kila asubuhi naangalia, ndipo nakunywa."

Kwa hiyo, vijana, mkutano wenu ujao nitakuja tena, na safari hii nitasema. Mtaniambia wazo, nami nitawauliza nyuma yake kuna nini, na nani amekwisha kwenda kutazama leo asubuhi.